Kabla ya drafti ya besiboli, tengeneza orodha yako mwenyewe

Uko kazini, tuseme Houston au Columbus, mwezi wa tatu umeanza, na mwenzako wa zamu anakuuliza: "Tumebakiza nafasi moja kwenye ligi yetu ya fantasi ya besiboli, unaingia?" Wewe umekulia kwenye Simba na Yanga, au Gor na AFC, na besiboli unaiona tu kwenye televisheni za migahawa. Ukikataa, miezi sita ijayo wenzako watazungumza jambo usilolijua. Ukikubali bila maandalizi, utakuwa wa mwisho kabla mvua za masika hazijaisha huko nyumbani. Makala hii nimekuandikia wewe, pamoja na ndugu yako aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ambaye ameizoea FPL (fantasi ya soka ya Ligi Kuu ya Uingereza) na sasa anataka kujaribu kitu kipya. Si lazima uwe umewahi kushika gongo.

Kwanza, fantasi ya besiboli ni nini? Unaunda timu yako ya kubuni kwa kutumia wachezaji halisi wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Ligi hiyo ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Anachokifanya mchezaji uwanjani huandikwa kwenye hesabu yako. Hapo inafanana na FPL. Tofauti ni kwamba katika FPL mimi na wewe tunaweza kuwa na mchezaji yuleyule, lakini huku mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wote wamemkosa. Ndiyo maana kuna drafti, yaani kikao cha kuchagua wachezaji kwa zamu. Si drafti ile ya kusukuma vifuniko vya soda barazani, ingawa nayo humtaka mtu aone hatua tatu mbele.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akivimaliza vyote ni mkimbio mmoja, kama kwenye kriketi. Akiupiga mpira ukavuka uzio ni homurani, na huzunguka vituo vyote bila bughudha. Aliyesimama kituoni anaweza kuchomoka kwenda kituo kinachofuata wakati mrushaji anarusha. Huko ni kuiba kituo. Mechi ina awamu tisa. Ukiyashika hayo unaweza kuanza.

Ligi ya kawaida hupima mambo kumi. Matano ni ya wapigaji: mikimbio, homurani, mikimbio waliyowaletea wenzao, vituo walivyoiba, na wastani wa mapigo. Kwenye skrini utayaona kwa vifupisho R, HR, RBI, SB na AVG. Matano mengine ni ya warushaji: mechi walizoshinda (W), uokoaji (SV), wapigaji waliowatoa kwa kukosa mipira mitatu (K), na vipimo viwili vya ubahili, ERA na WHIP. ERA ni wastani wa mikimbio anayoruhusu mrushaji, ukiacha inayotokana na makosa ya wenzake, kwa kila awamu tisa. WHIP ni idadi ya watu anaowaruhusu kufika kituoni kwa kila awamu, kwa pigo au kwa kituo cha bure. Katika vipimo hivi viwili, namba ndogo ndiyo nzuri. Uokoaji ni kazi ya yule anayeingia mwishoni timu yake ikiongoza kidogo, akafunga mchezo salama.

Mfumo wa kujumlisha msimu mzima huitwa roto. Jina hilo lilitokana na mkahawa wa La Rotisserie Française wa New York, ambako mwandishi Daniel Okrent na wenzake walikuwa wakikutana walipoanzisha ligi yao mwaka 1980. Katika ligi ya timu 12, anayeongoza kwa homurani hupata pointi 12 na wa mwisho hupata 1. Hivyohivyo kwa kila kipimo, kwa hiyo pointi zote unazoweza kupata ni 120. Mifumo mingine hukupambanisha na mtu mmoja kila wiki, au hutoa pointi kwa kila tendo kama FPL.

Nianze wapi, kwa majina au kwa sheria? Kwa sheria. Mwaka wangu wa kwanza nilichapisha orodha ya watu wengine, nzuri kwa macho, nikaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Tulipofika mzunguko wa sita ndipo nilipogundua kwamba ligi yetu haihesabu wastani wa mapigo kabisa. Inahesabu kiwango cha kufika kituoni, OBP. Orodha niliyoishika mkononi ilikuwa ya ligi nyingine.

Tofauti hiyo si ndogo. Msimu wa 2023 Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies alipiga homurani 47, lakini wastani wake wa mapigo ulikuwa 0.197, chini ya pigo moja safi katika kila majaribio matano. Msimu wa 2024 Luis Arraez aliongoza National League, nusu moja ya MLB, kwa wastani wa 0.314, akiwa na homurani 4 tu. Kwa kipimo cha wastani, hawa ni mbingu na ardhi. Sasa wapime kwa kufika kituoni, kipimo kinachohesabu pia vituo vya bure ambavyo mpigaji hupewa mrushaji anapokosea mara nne: Schwarber 0.343, Arraez 0.346. Wamelingana! Schwarber ni mvumilivu, hapigi mpira mbovu, na ligi ya OBP humlipa kwa subira hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika jina hata moja, muulize msimamizi wa ligi: timu ni ngapi, kila timu ina wachezaji wangapi na katika nafasi zipi, tunahesabu nini, na uteuzi ni wa zamu au wa mnada? (Kwenye skrini sifuri ya mbele huachwa, utaona .343. Usishtuke.)

Takwimu utazipata wapi, na kwa gharama gani? Bure. ESPN, Yahoo na Fantrax huendesha ligi bila malipo, na ESPN na Yahoo wana drafti za mazoezi unazoweza kurudia kadiri unavyotaka. Makadirio ya msimu ujao, yaani ubashiri wa kila mchezaji atafanya nini, yako kwenye tovuti ya FanGraphs. Humo utakuta mifumo kadhaa ya ubashiri. Steamer na ZiPS inatosha kuanzia. Usichague mmoja ukauamini kama msahafu. Chukua miwili, jumlisha, gawa kwa mbili. Nakili makadirio hayo kwenye jedwali la Excel au Google Sheets. Kazi hii kwa simu inachosha, kwa hiyo kama uko Marekani na huna kompyuta, nenda maktaba ya umma ya mtaani kwako. Kompyuta ni za bure, na kuchapisha karatasi ni senti chache.

Sasa tuingie kwenye kiini, na hapa nakuomba usome polepole. Thamani ya mchezaji haiko kwenye namba zake. Iko kwenye pengo kati yake na yule ambaye ungempata bure.

Chukua ligi ya timu 12 ambamo kila timu ina wachezaji watano wa uwanja wa nje, wale wanaodaka mipira inayopigwa mbali. Watachukuliwa 60. Yule wa 61 anabaki sokoni, na yeyote anaweza kumwokota siku yoyote bila malipo. Tuseme makadirio yake ni homurani 15 na vituo 5 vya kuiba. Huyo ndiye jiwe lako la mizani. Mchezaji A anakadiriwa homurani 30 na vituo 5. Mchezaji B anakadiriwa homurani 18 na vituo 30. Macho ya wengi yatakwenda kwa A kwa sababu homurani ndiyo inayopigiwa makofi. Toa kile ambacho yule wa 61 angekupa bure: A anabaki na homurani 15 na vituo sifuri, B anabaki na homurani 3 na vituo 25.

Bado huwezi kulinganisha, maana homurani na kituo si kitu kimoja. Fungua msimamo wa ligi yenu wa mwaka jana, au mwombe msimamizi akutumie. Chukua homurani za timu iliyoongoza, toa za timu ya mwisho, gawa kwa 11. Jibu linakuambia ni homurani ngapi zilihitajika kupanda ngazi moja. Fanya hivyo na vituo. Tuseme umepata homurani 10 na vituo 8. Basi A anakupandisha ngazi moja na nusu (15 kwa 10). B anakupa 0.3 kwa homurani na 3.1 kwa vituo, jumla 3.4. B ana thamani zaidi ya mara mbili ya A! Ongeza mikimbio na RBI kwa njia hiyohiyo, jumlisha, panga kuanzia mkubwa hadi mdogo. Hiyo ndiyo orodha yako.

Wastani wa mapigo unahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu mwenye wastani mzuri anayecheza mara chache hakusaidii sana. Toa wastani wa jiwe la mizani kwenye wastani wa mchezaji, kisha zidisha kwa idadi ya majaribio yake. Mchezaji wa 0.300 dhidi ya kipimo cha 0.255, mwenye majaribio 600, amekuletea mapigo 27 ya ziada. Mwenye wastani uleule kwa majaribio 200 amekuletea 9. Hesabu ya ERA na WHIP ni ileile, ila unazidisha kwa awamu alizorusha. Ukichoka na hesabu, FanGraphs wana kikokotoo cha mnada cha bure: unajaza sheria za ligi yenu, kinakupa thamani ya kila mchezaji kwa dola. Hata hivyo nakusihi ufanye mwenyewe angalau kwa wachezaji ishirini, ili ujue namba hizo zimetoka wapi.

Jiwe la mizani hubadilika kwa kila nafasi. Wadakaji, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, kwa kawaida hupiga vibaya na hupumzishwa mara nyingi kwa sababu ya magoti. Ndiyo maana mdakaji anayepiga vizuri ana thamani isiyo ya kawaida. Mwaka 2025 mdakaji Cal Raleigh wa Seattle Mariners alipiga homurani 60. Homurani hizo zingetoka kwa mchezaji wa uwanja wa nje zingekuwa kubwa. Kwa mdakaji ni kubwa zaidi, maana mwenzako ameshika mdakaji wa homurani 12. Lakini usimlipie mtu msimu uliopita. Makadirio ya mwaka unaofuata hushuka karibu kila mara baada ya msimu kama huo, na ni sawa yashuke.

Angalia pia umri wa maarifa yako. Mwaka 2023 MLB ilibadili sheria: vituo viliongezwa ukubwa kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, na mrushaji akawekewa saa na kikomo cha kumtisha mkimbiaji. Vituo vilivyoibiwa vikaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Mwaka 2024 Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers alipiga homurani 54 na kuiba vituo 59, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote. Ushauri wa zamani kwamba wezi wa vituo ni adimu umepitwa na wakati. Na kwa kuwa Ohtani pia hurusha, ulizia jukwaa lenu linamhesabu vipi. Yapo yanayomgawa kuwa wachezaji wawili tofauti.

Je, uwanja una maana? Una maana sana. Mkazi wa Nairobi atalielewa hili upesi: mji wa Denver uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi. Uwanja wa timu ya huko, Coors Field, humsaidia mpigaji na kumwadhibu mrushaji. Mrushaji wa timu hiyo, Colorado Rockies, mwache, hata jina lake likikuvutia.

Kuhusu majeraha sitakuficha. Mrushaji Spencer Strider aliwatoa wapigaji 281 mwaka 2023, hakuna aliyemfikia. Mwaka 2024 alirusha mechi mbili tu, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Ronald Acuña Jr. alipiga homurani 41 na kuiba vituo 73 mwaka 2023. Mwaka uliofuata goti likamtoa baada ya mechi 49. Hakuna aliye salama, ila kiwiko cha mrushaji ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa sababu ile operesheni ya kano, inayoitwa Tommy John kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, kwa kawaida humweka mtu nje mwaka mzima au zaidi. Mimi sichukui mrushaji katika mizunguko miwili ya kwanza isipokuwa anaponiangukia akiwa amepitwa sana. Warushaji wa uokoaji nawasubiri zaidi, maana kocha hubadilisha mtu wa kazi hiyo wakati wowote, na mpya huokotwa bure.

Orodha ikishakamilika, ikate kwa madaraja. Shuka nayo taratibu, na kila unapoona thamani inaporomoka ghafla, chora mstari. Tuseme una wachezaji wanne wa kituo cha tatu wenye thamani karibu sawa, kisha wa tano yuko mbali chini. Hao wanne ni daraja moja. Zamu yako ikifika na wote wanne wapo, huna haraka, chukua nafasi nyingine. Akibaki mmoja, huyo ndiye wako sasa. Kwa njia hii huhangaiki kubishana na nafsi kati ya namba 34 na namba 36. Unaangalia ni mlango upi unakaribia kufungwa.

Andika pembeni pia wastani wa nafasi ambayo kila mchezaji huchukuliwa na watu wengine. Huitwa ADP na hutolewa bure na majukwaa yenyewe. Kama orodha yako inampa mtu nafasi ya 60 na watu humchukua nafasi ya 110, usimchukue ya 60. Msubiri hadi ya 85 au 90, utumie nafasi ya 60 kwa mwingine. Ila usisubiri kwa tamaa hadi ya 108.

Zamu za drafti hujipinda kama nyoka. Katika timu 12, anayeanza huchagua wa 1, kisha hurudi wa 24 na wa 25. Wa mwisho huchagua wa 12 na wa 13 kwa mpigo, kisha wa 36 na wa 37. Ukiwa kwenye ncha, majina 22 hupita kati ya zamu zako, kwa hiyo daraja zima linaweza kuisha ukiangalia. Hapo chukua mapema kidogo kuliko orodha inavyosema. Kwenye mnada hakuna zamu: kawaida kila timu ina dola 260 za kubuni kwa wachezaji 23, na wengi hutenga karibu 180 kwa wapigaji. Andika bei yako ya mwisho kwa kila jina, usiivuke.

Fedha halisi je? Baadhi ya ligi hutoza kiingilio na mshindi hupewa zawadi. Sheria za jambo hili hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo huko Marekani, na kwa wengi wetu liko pia suala la kamari katika dini. Uliza kabla ya kukubali. Ligi za bure zipo nyingi, na ukisema unataka ya bure hakuna atakayekushangaa.

Kwa walioko Afrika Mashariki, kuweni macho na saa. Drafti ya saa mbili usiku New York ni saa tisa usiku wa manane Nairobi na Dar. Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo tofauti hushuka kutoka saa nane hadi saba. Nimeona mtu akiingia saa nzima baadaye, akakuta mashine imemchagulia wachezaji wanne.

Usiku wenyewe, uwe na orodha ya karatasi na kalamu, hata kama una kompyuta. Kila jina likitajwa, likate. Utakuwa na sekunde 60 au 90 kwa zamu. Anza kutazama karatasi zikiwa zimebaki zamu mbili kabla yako, ukiwa na majina mawili mezani, si moja. Asubuhi yake pitia habari za majeruhi tena, maana kati ya Februari na Machi timu ziko mazoezini Florida na Arizona, na kila siku mtu huumia.

Basi leo mwandikie msimamizi wa ligi swali moja: "Tunahesabu nini?" Akishajibu, fungua jedwali uanze na wadakaji. Ni wachache, utawamaliza kabla chai haijapoa.